Picha moja tu inatosha: shimo la memori la WebP, na ile apdeti inayopotea ukirestati mashine

Nikiingia saiba hapa Nakuru kuangalia mashine, swali la kwanza huwa "fundi, antivairasi iko sawa?" Hakuna anayeniuliza brauza iko toleo gani, na mimi naona hilo ndilo swali lenye uzito, juu kwa saiba brauza ndiyo kazi yenyewe, iTax ya ushuru ni brauza, eCitizen ya huduma za serikali ni brauza, HELB ya mikopo ya wanafunzi ni brauza, barua pepe ya mteja pia. Ikikaribia tarehe 30 Juni watu wanapanga laini hadi nje wakingoja kufailiwa ritani, na kila mmoja anaandika PIN na paswadi yake kwa Chrome ile ile ambayo haijafungwa tangu sijui lini. Kwa hivyo leo wacha nieleze hitilafu moja ya memori pole pole, vile ilivyofanya kazi kabisa, ndio siku nyingine nikisema apdeti ujue nasema nini.

Inaitwa CVE-2023-4863, hiyo ni namba rasmi ya kutambulisha hitilafu ya usalama. Tarehe 6 Septemba 2023 Google walipata ripoti kutoka kwa timu ya usalama ya Apple pamoja na Citizen Lab, wale watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, na tarehe 11 wakatoa Chrome 116.0.5845.187 wakisema wazi kwamba kuna watu tayari wanaitumia hiyo hitilafu kushambulia. Kesho yake Mozilla wakatoa Firefox 117.0.1. Mbona brauza mbili tofauti ziumwe na ugonjwa mmoja wiki moja? Ni kwa sababu shimo lilikuwa kwa libwebp, maktaba ndogo (kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingi) ya kufungua picha za WebP, aina ya picha za mtandaoni kama vile JPG, na karibu kila mtu anaibeba: Chrome, Edge, Firefox, Thunderbird, LibreOffice, na zile programu zote zilizojengwa kwa Electron, yaani zenye brauza ndani yake, kama Slack na Discord, kila moja na nakala yake ndani.

Sasa tuingie kwenyewe. WebP ile isiyopoteza ubora inabana picha kwa njia ya Huffman, yaani thamani inayotokea sana inapewa alama fupi ya biti chache na inayotokea mara moja moja inapewa ndefu, mwisho biti 15. Picha inakuja na seti tano za alama: kijani, nyekundu, buluu, uwazi, na umbali wa vipande vinavyorudiwa. Ili kuzisoma haraka, libwebp inajenga jedwali la kila seti kwa memori, na nafasi ya hayo majedwali ilikuwa imepigiwa hesabu mapema, nafasi 630 kwa nyekundu, 630 buluu, 630 uwazi, 410 kwa umbali, na kijani yake kando, kila nafasi baiti 4. Mtu alikaa chini akapiga hesabu ya jedwali kubwa zaidi linaloweza kutokea, na nataka ulione hili vizuri, hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Ni sahihi kwa seti iliyo halali. Lakini programu ilikuwa inajaza jedwali kwanza, alafu ikimaliza ndio inaangalia kama seti yenyewe ilikuwa halali. Kwa hivyo mtu mbaya anatengeneza picha yenye seti nne za kwanza halali na kubwa vile inawezekana, nafasi inajaa hadi pomoni, alafu seti ya tano anaiharibu makusudi, na programu inaendelea tu kuandika kupita mwisho. Ni kama trekta iliyokodishwa kulima eka moja kule Njoro bila dereva kuonyeshwa mpaka, eka inaisha na jembe bado liko chini, na jirani alikuwa ameshapanda.

Kwa memori huyo jirani ni nani? Inategemea, na hapo ndipo ujuzi wa mshambulizi uko. Hiyo sehemu ya memori, wenyewe wanaiita hipu, imejaa vitu vya brauza vimekaa bega kwa bega: anwani za vipande vya programu vitakavyoitwa baadaye, urefu wa orodha za JavaScript, ile lugha ya programu ndogo za kurasa, maandishi ya ukurasa. Kwa kutumia JavaScript anaweza kupanga nani akae wapi kabla picha haijafunguliwa. Akifaulu kubadilisha ile namba ya urefu wa orodha moja, ukurasa wake sasa unasoma na kuandika memori ambayo si yake, na kutoka hapo anatafuta jinsi ya kuendesha programu yake mwenyewe. Lugha ya C, ambayo libwebp imeandikwa nayo, haimzuii mtu kupita mpaka, inaamini kwamba mwandishi ameshaangalia.

Na wewe uliyekaa mbele ya skrini hautaona kitu. Haubonyezi popote, haudaunlodi chochote. Ule ushauri wa "usifungue linki usizozijua" ni mzuri kwa wezi wa paswadi, lakini hapa picha inaweza kuwa ndani ya tangazo kwa tovuti unayoitembelea kila siku. Kuna jamaa aliniambia atazuia faili zote zinazoishia .webp, nikamweleza brauza haiangalii jina, inaangalia baiti za mwanzo za picha yenyewe, kwa hivyo WebP iliyopewa jina la .jpg itafunguliwa kama WebP tu.

Brauza ina ulinzi wake, nisiseme kana kwamba iko uchi. Chrome inaendesha kurasa ndani ya sandboksi isiyo na ruhusa ya kugusa faili zako, na kwa kompyuta tangu toleo la 67 mwaka wa 2018 kila tovuti inawekwa kwa prosesi yake, kwa hivyo ukurasa ulioharibiwa hausomi tu iTax iliyofunguliwa kando. Mshambulizi anahitaji shimo la pili la kutoka nje. Wale wakubwa huwa nalo. Oktoba 2024 Firefox ilipatikana na hitilafu ya kutumia memori iliyokwisha kuachiliwa, CVE-2024-9680, kwa sehemu inayoshughulikia animesheni, ESET, kampuni ya antivairasi, ndio waliripoti na Mozilla wakaiziba tarehe 9 kwa Firefox 131.0.2. Baadaye ikajulikana walioitumia walikuwa wameiunganisha na shimo la Windows yenyewe, ambalo Microsoft waliliziba tarehe 12 Novemba. Ndio maana nikija kwako naangalia apdeti za Windows pia, usinione mchokozi. Na hizi si ajali za nadra, mwaka wa 2020 timu ya Chromium, mradi ambao Chrome imejengwa juu yake, walisema karibu asilimia 70 ya hitilafu zao kubwa za usalama ni za memori. Wanahamisha sehemu zingine polepole kwa Rust, lugha inayokataa haya makosa, lakini hiyo ni kazi ya miaka.

Kwa hivyo dawa ni kiraka, yaani apdeti inayoziba shimo, na kiraka kiwe kinafanya kazi kweli. Hapa ndipo saiba nyingi zinaanguka, na si kwa uvivu. Chrome inajidaunlodia apdeti yenyewe, sawa, lakini toleo jipya halianzi kutumika mpaka brauza ifungwe na kufunguliwa tena, na kwa saiba hakuna anayefunga, mteja mmoja anatoka mwingine anakalia kiti kikiwa moto. Andika chrome://settings/help uone, ikikuambia izinduliwe upya basi bado uko kwa toleo la zamani hata kama jipya liko kwa diski. Kurasa zako zitarudi, isipokuwa zile za dirisha fiche (Incognito), hizo zinapotea, kwa hivyo mwambie mteja amalize kwanza. Ukiwa na mashine nyingi weka sera ya RelaunchNotification iwe 2 kwa rejista ya Windows, chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, hiyo inalazimisha, na RelaunchNotificationPeriod weka 86400000, ni milisekunde za siku moja. Usipoiweka muda ni siku saba, na tangu Agosti 2023 Chrome inatoa viraka vya usalama kila wiki, kwa hivyo ukingoja siku saba hautawahi kufikia.

Shida ya pili ni Deep Freeze, programu inayogandisha mashine ibaki vile ulivyoiacha, na hii inaniuma kabisa juu wanaoiweka ni wale wanaojali mashine zao. Ukirestati inafuta kila kitu kilichoingia, vairasi ya flashi ya mteja inaenda, na apdeti ya Chrome inaenda nayo. Asubuhi mashine inaamka na brauza ya ile siku uliyoigandisha, inaanza kudaunlodi upya, bando inaisha, jioni inafutwa tena. Iyeyushe angalau mara moja kwa wiki baada ya kufunga duka, apdeti Windows na brauza zote, restati, hakikisha namba ya toleo, ndio ugandishe. Alafu restati tena na uangalie namba hiyo hiyo, usiamini tu.

Kwa wale bado mko Windows 7, Chrome iliwaacha kwa toleo la 109, la 110 lilitoka Februari 2023 likitaka Windows 10, na Windows 10 yenyewe muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya RAM ya GB 4 isiyobeba Windows mpya mimi naiwekea Linux Mint na Firefox, kazi ya kujaza fomu inaenda vizuri, ila printa na skana yako ijaribiwe kwanza kwa flashi kabla hujafuta chochote, kuna modeli zingine zinasumbua.