Kuhamisha huduma kwenye klasta hakuishii kwenye amri ya move

Hapa Kampala nimewasikia mafundi wengi wa seva wakisema: andika `crm resource move`, jina la huduma na jina la seva, huduma inahama, kazi imekwisha. Sivyo! Katika Pacemaker, programu inayosimamia klasta (kundi la seva zinazosaidiana), amri hiyo huandika sharti la mahali, yaani kanuni ya seva ambayo huduma ipendelee kukaa, ambalo jina lake huanza na `cli-prefer` na uzito wake hauna kikomo. Sharti hilo hubaki. Umeme ukikatika seva hiyo ikazimika, huduma itakimbilia nyingine. Seva ikirudi, huduma huvutwa tena huko, na watumiaji wanakatiziwa kazi mara ya pili bila sababu. Inaniuma kuona hivyo. Huduma ikishatulia, andika `crm resource clear` na jina la huduma ili kulifuta sharti hilo. Wenye pcs, chombo kingine cha amri za Pacemaker badala ya crm, kuanzia toleo la 0.11 wana nafuu: move yenyewe hulifuta sharti.