Shule ya theolojia si lupango (kiwanja) ya askofu

Kila mwaka wa masomo ukikaribia, ofisi yetu hapa Lubumbashi, inayokagua shule za theolojia, inajaa wageni wa aina mbili. Kuna vijana waliosoma theolojia miaka mitatu, wakapewa diplome yenye muhuri mkubwa, kisha chuo kikuu kikakataa kuwaandikisha. Na kuna wakurugenzi wa shule walioachishwa kazi kwa simu, wengine Jumapili baada ya ibada. Safari hii wamezidi, ndiyo sababu tunaandika.

Waanzilishi wengi tunaowajua wana nia njema. Wametoa lupango yao, wamenunua mabati kwa makuta yao wenyewe, wamefundisha bila mshahara. Kwa hilo tunawaheshimu. Lakini kuna neno tunaloletewa karibu kila juma: "Kanisa letu lina personalite juridike, basi shule yetu inatambuliwa." Yaani kanisa linatambuliwa kisheria, basi na shule pia. Hapana. Tumeisema hapana hiyo mpaka sauti imekauka.

Sheria ya Kongo namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inahusu mashirika yasiyotafuta faida, makanisa yakiwemo. Inataka wanachama wasiopungua 7, statuti (katiba ya shirika) zilizopitishwa kwa notere, mthibitishaji wa hati, na ombi kwa Waziri wa Sheria likiambatana na maoni mazuri ya waziri wa sekta inayohusika. Ukipata arete (amri ya waziri), kanisa linaweza kumiliki mali kwa jina lake na kusimama mahakamani. Ruhusa ya kutoa lisansi (digrii ya kwanza) haimo humo. Elimu ya juu inaongozwa na sheria-mfumo namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, na mlango wake ni wizara ya elimu ya juu. Hizo ni faili mbili, kwa mawaziri wawili. Anayetuletea karatasi ya kwanza akitaka ifanye kazi ya pili anafanana na dereva anayeombwa permi naye anatoa karte ya kupigia kura.

Vilevile kutambuliwa na ACTEA, chombo kilichoanza mwaka 1976 kupima ubora wa shule za theolojia za Kiafrika, ni jambo la heshima na kunasaidia sana mwanafunzi anayetaka kuendelea Nairobi. Hakuchukui nafasi ya serikali ya Kongo.

Je, shule ya Biblia inayofundisha wainjilisti wa kanisa lake tu ina kosa? Haina. Iandike tu kwenye fomu ya maandikisho, kwa maneno ambayo mama wa mtaa wa Katuba anayelipa minervali (ada ya masomo) ataelewa, kwamba cheti ni cha kanisa. Isikiite lisansi, na isitaje krediti 180 za LMD (mfumo wa lisansi, masta na dokta) kwa kuwa tu jirani anazitaja.

Tuje kwenye uongozi wenyewe. Tukifika kukagua shule hatuanzi na maktaba. Tunaomba PV (kumbukumbu za kikao) tatu za mwisho za baraza la uongozi. Mara nyingi kunakuwa kimya, halafu mtu anatumwa "kuzitafuta". Zinaletwa saa mbili baadaye, zote kwa kalamu moja, na tarehe ya kwanza ni ya miaka miwili nyuma. Jamani, wino tunaujua. Kutengeneza PV ya kikao ambacho hakikufanyika, kwa nia ya kudanganya, ni kughushi: kifungu cha 124 cha kodi penali (sheria ya makosa ya jinai) kinasema kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 na faini, au adhabu moja kati ya hizo. Heri kutuambia kwamba baraza halijakutana. Hilo linatengenezeka.

Baraza linapitisha bajeti, linamteua na kumwondoa mkurugenzi. Komite ya jestioni inaendesha kazi ya kila siku. Promoteri, yaani mwanzilishi, ana kiti chake barazani, na sauti yake ni nzito, lakini ni sauti moja. Askofu akiwa mwenyekiti wa baraza, mkurugenzi na msahihishaji wa mitihani, mke wake akishika kasha na mwanawe akitoa pointi, mwanafunzi aliyeonewa atamlalamikia nani? Wanatujibu kwamba wao ni familia ya Mungu. Sawa, lakini minervali inalipwa na familia nyingine. Na ikitumiwa kwa kazi isiyo yake, kifungu cha 95 cha kodi penali hiyohiyo, juu ya kuvunja uaminifu, kinaweza kuwagusa: miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au adhabu moja kati ya hizo.

Kuna jambo ambalo shule zetu za Kiprotestanti zingeweza kuazima kwa Wakatoliki bila kubadili imani. Sheria ya kanisa lao ya mwaka 1983, kanuni ya 239, inataka seminari iwe na gombera (mkuu wake), mtunza mali, na angalau kiongozi mmoja wa kiroho. Kanuni ya 240 inaongeza kwamba wakati wa kuamua kumpa mtu daraja takatifu au kumfukuza seminarini, maoni ya kiongozi wa kiroho na ya waungamishi hayaombwi kamwe. Fikiri maana yake. Kijana anayelia usiku mbele ya mchungaji wa shule, akikiri kwamba imani yake inatikisika, asimkute asubuhi mchungaji yuleyule kwenye baraza la nidhamu akiwa na daftari. Kwetu hilo linatokea, tena watu wanaona ni uangalifu. Matokeo yake wanafunzi wanajifunza kuficha, na wanatoka shuleni wakiwa hodari wa kuficha.

Malalamiko kwetu yanafuata njia hii. Tunaiandikia shule barua moja ya maonyo yenye muda wa kujibu. Isipojibu, tunaandika ya pili, kopi kwa wajumbe wote wa baraza, siyo mwenyekiti peke yake. Baada ya hapo tunaacha kuipendekeza shule kwa waombaji wapya, na faili inapelekwa kwa wenye mamlaka. Hatufungi shule, uwezo huo hatuna, msituombe.

Anayekuja kulalamika alete risiti za minervali zenye namba, kopi ya kanuni za shule, na barua aliyokwisha kumwandikia mkurugenzi, hata kama haikujibiwa. Risiti iliyoandikwa "sadaka" mahali pa minervali ailete pia, hasa hiyo.