Fritz Wunderlich: pumzi kwanza, sauti baadaye

Ukimtaja Fritz Wunderlich, mwimbaji wa Kijerumani wa tenori (sauti ya juu ya kiume), mbele ya wapenzi wa opera, mazungumzo hukimbilia kifo chake. Septemba 1966 alianguka kwenye ngazi katika nyumba ya rafiki yake huko Oberderdingen, akafariki Heidelberg tarehe 17, zikiwa zimebaki siku 9 atimize miaka 36. Oktoba ile ile alikuwa aimbe kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera ya New York. Inasikitisha, ila haituambii kwa nini tenori wa leo bado wanazichambua rekodi zake. Kwangu mimi jibu ni pumzi, na sehemu kubwa ya pumzi ile aliijenga nje ya uimbaji.

Alizaliwa Kusel, magharibi mwa Ujerumani, mwaka 1930, kwenye nyumba ya wanamuziki. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, maisha yakawa ya kubangaiza, na kijana akaingia kwenye bendi za dansi kutafuta riziki. Aliposomea muziki Freiburg, kuanzia 1950, alijifunza uimbaji kwa Margarethe von Winterfeldt na pia kupuliza pembe ya okestra, ile ya shaba iliyojiviringa.

Pembe hiyo ukiikunjua ina urefu unaokaribia mita 4, na mdomo wake ni mwembamba. Ukisukuma hewa kwa pupa noti inapasuka. Ukilegea kidogo inaangukia noti nyingine ya chini. Mpulizaji analazimika kuziacha mbavu wazi na kuachia hewa kidogo kidogo, kwa mgandamizo usiobadilika hadi mwisho wa sentensi ya muziki. Mwimbaji anahitaji kazi hiyo hiyo. Wengi wetu kwenye kwaya tunakosea hapo: tunavuta hewa kwa kunyanyua mabega, tunajaza kifua hadi pomoni, halafu nusu ya hewa inatoka kwenye neno la kwanza. Mwisho wa mstari sauti inashuka, na kiongozi anadhani tatizo ni masikio.

Sikiliza wimbo wa Tamino, mwana wa mfalme kwenye opera "Die Zauberflöte" ya Mozart, rekodi ya 1964 iliyoongozwa na Karl Böhm. Ufunguo ni E bemoli, mwendo wa polepole. Kwa sol-fa, mwimbaji anaanza so ya chini, anaruka hadi mi, kisha anashuka taratibu. Mruko huo ndio mtego. Mi ile ni G, palepale sauti ya tenori inapovuka kutoka kifuani kwenda kichwani, na silabi iliyowekwa juu yake, "Bild", ina irabu i, irabu inayobana koo kuliko zote. Anayeikandamiza so ya mwanzo anapanda na mzigo wote, zoloto (kisanduku cha sauti kooni) linanyanyuka, na G inatoka kama kelele. Wunderlich anaigusa so kwa wepesi, silabi isiyo na mkazo, na anafika juu koo likiwa bado limetulia. Ukijaribu mwenyewe, uache ulimi mahali pa i lakini legeza taya na uviringe midomo kidogo. Anza na irabu u peke yake, nusu sauti, kisha rudisha maneno.

Kazi yenyewe ilipanda ngazi moja moja. Mwaka 1955 aliajiriwa na opera ya Stuttgart. Nyumba za opera za Ujerumani huwa na waimbaji wa mshahara, na kijana hupewa nafasi ndogo nyingi huku akijifunza zile kubwa. Yeye alianza na Eisslinger, mmoja wa mafundi kwenye "Die Meistersinger" ya Wagner, nafasi ambayo mtazamaji wa kawaida hata haikumbuki. Baada ya hapo akapewa Tamino, na jina likaanza kusikika. Mwaka 1960 alihamia Munich, baadaye Vienna ikamwita pia.

Hata kwenye rekodi za Wagner alibaki kwenye nafasi nyepesi, mfano yule mshika usukani wa "Der fliegende Holländer". Nguvu aliziweka kwa Mozart, kwa nafasi ya Lensky katika opera ya Tchaikovsky, kwa ile ya Alfredo katika opera ya Verdi, mara nyingi kwa Kijerumani kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi za huko enzi zile. Kwa nyimbo za Schubert na Schumann alinolewa na mpiga piano Hubert Giesen, na "Dichterliebe" waliyoirekodi pamoja inaonyesha alivyojifunza kupunguza sauti bila kuipoteza.

Kuna rekodi moja ambayo huwa nawatahadharisha nayo vijana: "Das Lied von der Erde" ya Mahler, chini ya Otto Klemperer. Sehemu zake alizirekodi 1964. Mwimbaji mwenzake wa kike, Christa Ludwig, aliimba zake 1966. Wimbo wa kwanza una okestra nzito mno, na tenori mwenye sauti nyepesi akiusikia humo anaona kumbe anaweza. Asisahau kwamba studio ina maikrofoni na inaruhusu kurudia. Ukumbini, mbele ya pembe na tarumbeta zote zile, mwenye sauti kama hiyo huanza kupiga kelele kabla ya ubeti wa pili, na nyuzi za sauti zikivimba dawa yake ni kuipumzisha sauti.