Meiji Jingu: msitu unaodanganya macho

Ukishuka stesheni ya Harajuku, Tokyo, hatua chache tu unapita chini ya lango la mbao, torii, na kelele za jiji zinabaki nyuma. Miti imefunga juu, changarawe inalia chini ya viatu. Hapo karibu kila mgeni husema: huu ni msitu wa tangu enzi na enzi.

Sivyo. Ulipandwa kwa mikono. Jinja hii ya Meiji Jingu, yaani mahali pa ibada ya Kishinto, dini ya jadi ya Japani, ilizinduliwa mwaka 1920, na kabla ya hapo sehemu kubwa ya eneo hilo la hekta 70 haikuwa na msitu wowote. Watu wa kila pembe ya Japani walichanga miti karibu 100,000, na vijana waliojitolea wakaja kuipanda. Waziri Mkuu Okuma Shigenobu alitaka mierezi iliyonyooka, kama ile ya Nikko, mji wa mahekalu kaskazini mwa Tokyo. Wataalamu wa misitu, akiwemo Honda Seiroku, wakamkatalia: udongo mkavu na moshi wa Tokyo vingeidumaza. Wakachagua mialoni na miti ya karafuu maiti isiyopukutisha majani yote kwa mpigo, ijiotee na kujiendesha yenyewe. Hadi leo mfagizi akikusanya majani njiani, hayatupi wala hayachomi. Huyarudisha msituni yakaoze huko.

Yapo na mengine ambayo wageni huyasema, nayo si kweli. “Kaizari Meiji kazikwa humo.” Huyo ndiye mtawala wa Japani ambaye jinja hii imepewa jina lake, lakini kaburi lake liko Fushimi, Kyoto. Hapa hutukuzwa roho yake na ya mkewe, Shoken.

“Asiye Mshinto haruhusiwi, au akiingia ameshaabudu.” Hili huwasumbua wengi, Waislamu na Wakristo. Hakuna anayekuuliza dini mlangoni, na kiingilio hakuna, ila bustani ya ndani ndiyo ya kulipia. Kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili na kuinama tena ni kwa anayetaka kuomba. Usipotaka, simama pembeni kwa adabu, inatosha.

“Maji ya birika la pale ni ya kunywa, yana baraka.” Ni ya kujitakasa. Unachota kwa kata, unaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, halafu unatia maji kiganjani usukutue. Kata haiguswi kwa mdomo, na maji ya kusukutulia hayatemwi ndani ya birika. (Nadhani hata bibi zetu wangekukemea kwa hilo.)

“Majengo ndiyo ya kale.” Jengo kuu liliungua kwa mabomu mwaka 1945, likajengwa upya mwaka 1958. Kwa hiyo msitu ndio mkubwa, jengo ndilo mdogo wake.

Ukitaka ukale wenyewe, rudi kwenye lango kubwa njiani, lenye urefu wa mita 12. La awali lilipigwa radi mwaka 1966. Hili la sasa ni la mwaka 1975, lakini mbao zake zilitoka Taiwan, kwenye mti uliokuwa umeishi zaidi ya miaka 1,500.