Msanifu wa Nyumba Yako Amesomea Nini Mwaka Huu?

Mtu wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, akimkabidhi msanifu majengo kiwanja chake, huuliza mambo mawili: ramani shilingi ngapi, na itakuwa tayari lini. Sisi tunaosimamia mafunzo endelevu ya wataalamu wa ujenzi tunamwomba aongeze la tatu: mwaka huu umesomea nini?

Kuuliza hivyo si kumvunjia mtu heshima. Hapa Tanzania taaluma hii ina msimamizi wake, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyo chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na shahada ya chuo haitoshi kumbeba mtu hadi anastaafu. Nje huko wanahesabu kabisa. RIBA, chama cha wasanifu cha Uingereza, humtaka mwanachama asome saa 35 kila mwaka. AIA, chama cha wasanifu cha Marekani, hudai alama 18, kila alama ni saa moja, na 12 kati ya hizo lazima zihusu afya, usalama na ustawi wa watakaotumia jengo.

Sharti hilo la 12 ndilo lenye maana kwangu, kwa sababu saa zenyewe ni rahisi kukusanya. Mtu anaweza kuzimaliza zote kwenye semina za vigae na rangi mpya, akasaini mahudhurio, akachukua posho na cheti, akarudi Kigoma vilevile alivyoondoka.

Na Kigoma imekaa ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo la Ziwa Tanganyika. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, lilikuwa dogo zaidi, 5.9, lakini liliua watu na kuangusha nyumba za matofali. Sasa tazama ghorofa zetu: chini fremu za maduka, mbele wazi kabisa, juu vyumba vimejaa kuta. Ardhi ikitikisika, huko juu kumeshikana na ni kuzito, chini zimebaki nguzo peke yake, kwa hiyo chini ndiko kunakovunjika. Tiba yake inajulikana: nguzo nene zaidi, kuta chache imara kwa pande zote mbili, urefu na upana wa jengo, na ringi za nondo zilizobanana kwenye kichwa na mguu wa kila nguzo. Fundi akiachiwa mwenyewe hupanga ringi kwa nafasi moja toka chini hadi juu, na simlaumu. Mchoro ndio ulipaswa kumwambia. Siku moja ya mafunzo juu ya jambo hilo, msanifu na mhandisi wakiwa meza moja, naithamini kuliko semina nne za vigae.

Ziwa nalo lina somo lake. Lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, kina hupanda, kama tulivyoona kuanzia 2020. Anayechora nyumba ya ufukweni kwa kupima maji ya leo tu hajasoma ziwa.

Kabla ya kumuuliza msanifu habari za saa, tafuta jina lake kwenye orodha ya Bodi ya waliosajiliwa. Kama halimo, usilipe hata malipo ya awali.