Polishi si nta: kukatua gari na kupaka gari

Jumamosi mpwa wangu alirudi kutoka kuosha gari akiwa na risiti iliyoandikwa "kuosha, polishi bodi, polishi ekzosi". Gari lenyewe ni Mazda Roadster nyekundu, kile kigari cha viti viwili kilichoanza kuuzwa mwaka 1989, chepesi kiasi kwamba toleo la kwanza lilikuwa na kilo kama 940 tu. Lilikuwa linang'aa. Nikapitisha kidole juu ya boneti, kikateleza. Kisha nikainama nikalitazama kwa pembeni, jua likiwa limeinama pia, na ile mikwaruzo ya duara niliyoiona Ijumaa ilikuwa palepale, imefunikwa. Hapo hapakupigwa polishi. Palipakwa nta.

Maana yake ni fupi. Polishi ni dawa yenye chembe ngumu, ndogo mno, zinazosugua uso wa kitu na kuuondolea tabaka jembamba la juu mpaka ubaki laini. Nta ni kitu kinachopakwa juu ya uso huo ili kuukinga na kuuongezea mng'ao. Polishi inapunguza, nta inaongeza. Ukishalishika hilo umeshika jambo lote, lakini naona watu wengi hawalishiki, na nadhani najua kwa nini.

Chanzo ni viatu. Sisi neno polishi hatukulipokea kwa fundi wa magari wala kwa sonara. Tulilipokea Jumapili jioni, kiatu cha shule mkono mmoja na kikopo cha kiwi mkono wa pili. Chapa ya Kiwi ilianza Melbourne, Australia, mwaka 1906, ikaenea duniani na buti za wanajeshi, na huku kwetu jina lake likawa jina la dawa yoyote ya viatu. Ndani ya kile kikopo kuna nta, rangi na kiyeyusho. Unapaka, unangoja ikauke, unapiga brashi. Hakuna kinachosuguliwa kikatoka kwenye ngozi. Polishi ya pili tuliyoifahamu ni ile nyekundu ya sakafu ya saruji, nayo pia ni nta. Basi mtu aliyelelewa na polishi hizo mbili akisikia polishi anaelewa kupaka, na siwezi kumlaumu.

Ila neno lenyewe halikuzaliwa na maana hiyo. Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa, ambao wana polir, na Wafaransa wamelirithi kutoka Kilatini, polire, yaani kulainisha. Ni neno la mtu anayesugua jiwe au chuma.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kina neno lake la kazi hiyohiyo, zuri, nasi tumeliacha lilale kwenye kamusi: kukatua. Kukatua ni kusugua chombo cha madini mpaka kitakate na king'ae. Idi ikikaribia, bibi yangu alikuwa akikatua sinia la shaba uani kwa majivu yaliyochekechwa na nusu ndimu. Ndimu inakula ule weusi, majivu yanasugua. Tulipewa kazi ya kumwagia maji, na maji yaliyotoka pale yalikuwa meusi. Hayo maji meusi ndiyo ushahidi wa kukatua: kuna kitu kimeondoka. Wakulima nao wana kukatua ardhi, kuuvunja uso wa shamba kwa jembe, na siku hizi mabwana shamba wanahubiri kilimo cha kutokatua. Sidai kwamba ni neno moja, lakini kila nikiyasikia yote mawili naona kitendo kinachoushughulikia uso wenyewe, si kuufunika.

Jumapili tuliikatua ile Roadster, mimi na mpwa wangu, chini ya mwembe. Tulianza na kipande cha boneti kama ukubwa wa daftari. Tone la polishi kwenye pedi ya sponji, mkono unazunguka polepole. Dakika ya pili akashtuka.

"Mjomba, inatoa rangi!"

Kitambaa kilikuwa chekundu. Gari hilo lilipakwa rangi tupu, bila ile klia ya juu ambayo mafundi huimalizia kazi kwenye magari mengi ya leo, kwa hiyo kilichotoka ni rangi yenyewe iliyochoshwa na jua mpaka ikawa kama waridi lililofifia. Tulipofuta, chini yake palikuwa na wekundu ambao mpwa wangu hajawahi kuuona tangu alinunue. Nikamuuliza wale vijana wa Jumamosi walipomaliza vitambaa vyao vilikuwa na rangi gani. Akafikiri. "Vyeupe," akasema.

Gari lenye klia halitakupa ushahidi wa wazi namna hiyo, maana klia haina rangi, na hapo ndipo hatari ilipo. Klia ya magari mengi ina unene wa maikroni 40 hadi 50, na unywele wa kichwani ni kama maikroni 70. Kila unapokatua unakula kidogo katika akiba hiyo, na akiba hairudi. Anayekuahidi kupiga polishi kila wiki ama anapaka nta na kuiita polishi, ama anakumalizia gari. Bampa liangaliwe zaidi, kwa sababu ni la plastiki: joto la mashine ya kusugulia halina pa kukimbilia kama linavyokimbia kwenye bati, na kwenye kona rangi huwa nyembamba, inaungua mara moja.

Sasa ekzosi. Risiti ilisema polishi, na walichofanya ni kuipaka nta ileile ya bodi. Karnauba, nta ngumu inayosifiwa kuliko zote, ya majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inayeyuka kwenye nyuzi kama 82 hadi 86 za Selsiasi. Bomba la ekzosi kwenye safari ndefu hupita hapo bila taabu. Mpwa wangu aliona moshi mwembamba, akasikia harufu ya mshumaa, kisha ikabaki michirizi ya kahawia. Ekzosi haina haja ya nta ya bodi. Inahitaji kuoshwa masizi, kisha kukatuliwa kwa polishi ya chuma.

Ile rangi ya dhahabu inayogeuka zambarau na bluu kwenye bomba la stenlesi si uchafu wala masizi. Ni utando mwembamba sana wa oksaidi unaojengwa na joto, unaochezea mwanga kama mafuta ya taa juu ya maji. Manjano hafifu huanza kwenye nyuzi 300 hivi, na bluu huja kadiri joto linavyopanda. Ukikatua utando huo unaondoka, na ukiendesha tena kwa moto mkali unarudi, kwa hiyo binafsi nauacha. Mdomo wa ekzosi uliopakwa kromu ni habari nyingine: kromu ya urembo kwa kawaida haifiki hata maikroni moja, guso lake liwe jepesi. Na stilwaya ya jikoni ikae jikoni. Inaacha vumbi la chuma cha kawaida juu ya stenlesi, na baada ya mvua mbili unaona vidoa vya kutu, watu wanasema stenlesi imekuwa feki.

Jumatatu nilipita pale pa kuoshea. Yule kijana alikuwa anafuta kioo kwa uangalifu, na kazi yake kweli ni safi. Nikamwonyesha risiti.

"Mwanangu, nta mliipaka vizuri, imependeza. Hapa kwenye bodi andika nta."

"Na polishi, mzee?"

"Polishi ni pale kitambaa kinapochafuka."