Cheti cha Mafunzo ya Mitishamba si Kibali cha Kuingia Msituni

Kila inapokaribia tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika inayoadhimishwa tangu mwaka 2003, mafunzo ya mitishamba huongezeka. Halmashauri zinaandaa, vyama vya waganga vinaandaa, na siku hizi hata watu binafsi wanatangaza kozi za mwisho wa wiki mitandaoni. Hilo ni jambo jema na sisi tunaofundisha hatulipingi. Kinacholeta malalamiko ni kinachofuata. Mtu amehudhuria siku tatu, kapewa cheti, kesho yake kaingia msituni na panga, keshokutwa kakamatwa kwenye geti la maliasili na magunia ya magome. Akiulizwa kibali, anatoa kile cheti.

Cheti cha ushiriki kinathibitisha kwamba ulihudhuria. Basi. Hakikupi haki ya kutibu, ya kuvuna wala ya kusafirisha.

Kabla ya hayo, neno kuhusu mafunzo yenyewe. Mafunzo yanayoanzia na kuishia ukumbini, kwa projekta na chai ya saa nne, hayamfundishi mtu kuvuna. Chukua mwarobaini, mti ambao kila mmoja anaapa kuwa anaujua. Katika mazoezi huwa tunaweka mezani matawi mawili, la mwarobaini wenyewe (Azadirachta indica) na la mmelia (Melia azedarach), tukawaomba washiriki wayatenganishe. Wanaokosea si wageni tu, wamo na waliokaa kwenye kazi hii miaka mingi. Mmelia ni wa ukoo mmoja na mwarobaini, umepandwa kwa ajili ya kivuli na pambo, na sehemu nyingine watu huuita mwarobaini vilevile. Matunda yake yana sumu. Tofauti iko kwenye jani. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani vyake vimejipanga pande mbili za kikonyo kimoja na vimepinda kidogo kama mundu. La mmelia limegawanyika mara mbili: kikonyo kinazaa vikonyo, ndipo vijani vinafuata. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana zambarau. Na matunda ya mmelia ni ya mviringo, huiva yakawa ya njano, kisha hubaki yananing'inia hata majani yakishapukutika.

Ndiyo maana tunasisitiza sampuli: tawi lenye maua au matunda, libanwe katikati ya magazeti, liambatane na karatasi yenye mahali lilipotoka, tarehe, na jina la kienyeji pamoja na lugha yake. Linapelekwa hebaria, yaani mahali panapohifadhiwa sampuli za mimea iliyokaushwa, iwe Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha au ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, linatambuliwa. Picha ya jani moja kwenye WhatsApp, tena limeshasinyaa, haitoshi. Tafadhali msitutumie.

Somo la pili ni gome, na hapa ndipo miti mingi inapopotea. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka laini la ndani ya gome. Ukilimenya shina kwa kulizunguka, hata kwa upana wa viganja viwili, mizizi inakosa chakula na mti unakufa. Haufi siku hiyo. Unaweza kubaki na majani mabichi kwa muda, na mvunaji akarudi kijiweni akisema mbona mti uko salama. Waganga wengi wa zamani walichukua kipande upande wa jua kuchomoza na kingine upande wa jua kuzama, pande mbili zilizobaki wakaziacha. Wapo vijana wanaoliona hilo kuwa ushirikina. Mimi nalifundisha kama lilivyo, maana anayelifuata hawezi kulimenya shina kwa kulizunguka. Tunachoongeza ni kwamba kipande kiwe kirefu kwenda juu kuliko upana wake, kikatwe kwa kisu kikali na si shoka, usikwangue hadi kwenye mbao, mti mchanga uuache, na usirudi kwenye mti huo mpaka kovu lizibe. Mizizi ni hivyohivyo: chukua ya pembeni michache, mzizi mkuu usiuguse, na udongo urudishie.

Sasa taratibu. Naomba msome polepole, kwa sababu maswali tunayopata kila wiki yanatoka hapa.

Anayetaka kutibu anaongozwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Safari inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako, anayekutambulisha kwa barua kwamba anakufahamu na kwamba unafanya kazi hiyo. Barua hiyo na fomu vinapitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo vinafika Barazani. Kusajiliwa wewe si kusajiliwa kwa kituo chako, na kusajiliwa kwa kituo si kusajiliwa kwa dawa. Dawa inayofungashwa na kuuzwa ina usajili wake, na moja ya hatua zake ni vipimo vya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kumbuka pia kwamba majibu ya Mkemia Mkuu peke yake si usajili. Tumeona vifungashio vimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba dawa “imepimwa na Mkemia Mkuu”, namba ya usajili haipo. Kutoa huduma bila kusajiliwa ni kosa, na adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili.

Anayetaka kuvuna anaongozwa na Sheria ya Misitu, nayo ya mwaka 2002. Swali la kwanza ni msitu ni wa nani. Katika hifadhi ya msitu ya Serikali Kuu kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Msitu wa halmashauri, ofisi ni ya halmashauri. Msitu wa kijiji una sheria ndogo na kamati yake, na ruhusa inatoka kwenye serikali ya kijiji, si kwa mwenyekiti mkiwa mmekaa kwenye kahawa. Ndani ya hifadhi za taifa usivune kabisa. Magome, mizizi, majani na mbegu ni mazao ya misitu kama yalivyo magogo na mkaa. Hoja ya “nilichukua majani tu” haikusaidii.

Ukishavuna, kusafirisha kunahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Inaandikwa aina ya zao, kiasi, linakotoka, linakokwenda, chombo cha usafiri na muda wake wa kutumika. Ukibadilisha gari, hati haihami nawe. Muda ukipita, hati haina kazi hata kama mzigo ni uleule. Na usisafirishe usiku. Anayekamatwa anaweza kufikishwa mahakamani, au kosa likafifilishwa, yaani likamalizwa bila kesi, kwa kukiri kwa maandishi na kulipa. Kwa vyovyote vile mzigo unaweza kutaifishwa, na gari linaweza kuzuiliwa. Mwenye gari naye asome hapa.

Kwa anayepeleka nje ya nchi, kuna Mkataba wa CITES, wa kimataifa, unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Prunus africana, mti wa milimani ambao gome lake hutafutwa kwa dawa za tezi dume, umo kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya viumbe ambavyo kuvipeleka nje kunahitaji kibali, tangu mwaka 1995. Msandali (Osyris lanceolata) wa Afrika Mashariki uliingizwa mwaka 2013, baada ya watu kuung'oa mzima mzima kwa sababu mafuta yamejaa chini ya shina na mizizini. Mishubiri ya porini nayo imo. Aina ya Aloe vera peke yake ndiyo haimo. Mnunuzi anayekuja kijijini akitaka tani na kukwambia “karatasi niachie mimi” anataka jina lako ndilo likutwe kwenye mzigo.

Nimalizie na dhana moja inayotuchosha, kwamba dawa ya mti haina madhara kwa sababu ni ya asili. Mkalamu, ule wenye ua jekundu na njano linalopendeza, ni wa asili pia, na kiazi chake kina sumu ya kolkisini inayoweza kumuua aliyedhani ni kiazi kikuu. Dawa nzuri nayo huharibiwa na mikono yetu: magome yaliyoanikwa juani kando ya barabara ya vumbi, au yaliyotiwa kwenye gunia lililokuwa na mbolea. Anika kivulini, juu ya chanja, mpaka kipande kivunjike kwa mlio. Kikipinda bado kina maji, na kuvu itaingia.

Wanaotaka mafunzo ya msimu ujao waanzie kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yao, wadai risiti kwa ada yoyote wanayotozwa, na wamkatae anayeahidi kwamba cheti chake kinamwingiza mtu kwenye daftari la Baraza. Siku ya kwenda porini mje na kisu kikali, magazeti ya zamani, kamba na viatu vinavyofunika mguu. Shoka liachwe nyumbani.